Dawa ya Kuzima Njaa ya Shemeji

Nyamitaba, Agosti 1954

Mpendwa Mama Euphrasie,

Naomba shauri lako maana la kwangu limekwisha. Bwana wangu alifariki baada ya mavuno ya maharagi, alikuwa mtu mpole ambaye kabla ya kufunga gunia aliuma punje moja na kusikiliza kama imekauka, na hata sasa nikipita karibu na magunia nasikia ule mlio, lakini siulizii hilo, naulizia ndugu zake, ambao walikuja kulia nami na mpaka leo wanalia, hasa chakula kikichelewa. Mmoja wao, nitamwita Straton naye atajijua, hunisogezea sahani na kusema, "Shemeji, kilio inamaliza muntu nguvu, ongeza kidogo," na nikimwambia yaliyobaki ni mbegu, mvua inakaribia na moniteri wa kilimo, yule msimamizi wa serikali, ameshapita akiuliza kwa nini shamba langu limelala, anajibu, "Mujane hagusi jembe mbele ya kilio kuisha! Unataka marehemu atukasirikie?" Nikiuliza kitaisha lini, anasema, "Haraka ya nini, mama? Tuko bado na huzuni."

Basi amepita mchuuzi kutoka njia ya Kalembe, anauza unga wa mzizi wa msitu, ati wawindaji wa Walikale huutafuna wakashinda porini bila kusikia njaa, akaninong'oneza, "Tia kidogo mu chungu, mama, utaona benyewe banasukuma sahani." Anataka kuku wangu wa mwisho. Alikula nasi, akaomba tena, akasifu mapishi. Nimemwambia arudi siku ya soko. Lakini watoto wangu wanakula chungu hicho hicho, na mbegu zikiisha sijui watakula nini mwakani, nami sipendi kumfukuza mtu aliyekuja kumlilia bwana wangu. Ninunue ao nisinunue? Na dawa nzuri hutambulikana kwa nini?

Mjane wa Nyamitaba

Mama mjane,

Pole sana. Bwana wa namna ile hasahauliki, wala usijaribu. Sasa niache nikugombeze.

Mchuuzi wa dawa ya kuzima njaa alikula kwako, akaomba tena, na bado unauliza kama dawa yake ni nzuri! Labda siku hiyo alisahau kuinywa.

Mzizi wa wawindaji upo, sikatai. Lakini mwindaji huutafuna mwenyewe, kwa kujua, na akirudi anakula nyama. Hautii kwa siri chunguni mwa mashemeji. Na unga hausemi ulikuwa nini. Unaweza kuwa mzizi, unaweza kuwa majivu ya jiko la mchuuzi. Siku ukihitaji dawa, nunua mzizi mzima kwa mtu ambaye kwake unapajua, umwulize jina la mzizi huo na nani hapaswi kuutumia. Akijibu kwamba unamfaa kila mtu, mwache. Watoto usiwape kamwe. Njaa ya mtoto si ugonjwa, ni mwili unaodai kukua.

Tena fikiri. Straton akiumwa tumbo, na kwa kula kwake haitakuwa ajabu, kisha unga ukaonekana jikoni, watasema nini? Watasema ulianza na ndugu mmoja, sasa umehamia kwa wa pili. Utapoteza watoto na shamba, kwa kuku mmoja tu. Rahisi kweli!

Huyo Straton anajua desturi vizuri, amesahau tu nani anayefunga kilio. Si yeye. Ni shangazi wa marehemu, na siku akikifunga, wote waliolia hushika jembe wapande pamoja na mjane. Huenda ndiyo sababu huzuni ya Straton haiponi.

Mpelekee shangazi huyo kuku wako kabla ya siku ya soko, umweleze kama ulivyonieleza. Chakula kidogo cha watoto kiweke kwa jirani. Hiyo si dhambi. Siku ya kufunga kilio, toa mbegu zote, usibakize hata za kuonja. Mbele ya watu mpe Straton jembe la kwanza, kwa mikono miwili, umwambie, "Shemeji, fungua mustari wa mbegu, wewe njo mukubwa." Mbele ya shangazi hatakataa.

Jioni wakiuliza chakula kiko wapi, waonyeshe shamba, uwaambie kwa upole wako huo huo kwamba kinaota.

Mama Euphrasie