Breka za Baba Mkwe: Nizikarabati au Nizing'oe?

Mpendwa mshauri, safu yako nimezoea kuisomea matatizo ya wachumba na mawifi, sikutegemea kama siku moja nitakuletea la vyuma, lakini nimechoka na naomba msaada, maana kila ninayemuuliza hapa ana upande wake. Mimi ni mkuu wa kitengo cha umeme kwenye mtambo wa kusukuma maji ya mji mzima, na kinachoninyima raha ni breka za umeme wa msongo wa kati, yale makabati marefu ya chuma kwenye chumba cha swichi, ambayo kazi yake ni kukata umeme mara moja pampu au kebo ikipata hitilafu, kabla hitilafu haijageuka moto. Zimezeeka, spea zake kiwandani wameacha kutengeneza, na meneja anataka nimwambie wiki hii kama tuzikarabati au tununue mpya.

Sasa aliyezifunga breka hizo ni baba mkwe wangu, ndiye fundi mkuu hadi leo, anakaribia kustaafu, na anazitunza utadhani mifugo yake, ile ya pampu kubwa anaiita Bi Mkubwa na hataki mtu aifute vumbi isipokuwa yeye. Yeye anasema tukizisafisha, tukabadilisha springi na kupaka grisi mpya zitatuzika sote, "chuma hakizeeki, hutelekezwa tu," na mke wangu naye kaniambia nikizing'oa breka zile nimemng'oa baba yake, na tangu siku hiyo chakula nawekewa mezani kimya kimya.

Mwezi uliopita kebo ya pampu kubwa iliungua na Bi Mkubwa hakukata, alichelewa mpaka breka ya kituo cha juu, kile kinachotuletea umeme, ikakata kwa niaba yake, mji ukakosa maji, chumba kikajaa moshi, na fundi wa zamu, ambaye ni shemeji yangu, kitinda mimba wa baba mkwe, alikuwa ametoka tu kwenda kunawa mikono, la sivyo leo ningekuwa na msiba na si barua. Tulipokuja kupima kwa mashine, baba mkwe kama kawaida akaiamsha kwanza, yaani anaikata na kuirudisha mara kadhaa ili viungo vilegee kabla ya kipimo, ndivyo alivyotufundisha sote na ndivyo tunavyofanya kila mwaka, na majibu yakatoka mazuri kabisa, inakata kama mpya, akanigeukia akasema, "Umeona, mkwe? Kosa ni la kebo. Bi Mkubwa mnamsingizia bure."

Nikisema tubadilishe, vipimo vinanisuta na nyumbani hapakaliki, nikisema tukarabati, usingizi sipati, kila nikimwona shemeji anaingia zamu natafuta sababu ya kumtuma dukani. Nimechoka kukaa katikati, mshauri, nifanyeje?

Mkwe Aliyebanwa

JIBU

Ndugu Mkwe Aliyebanwa, pole. Umeme mimi naujua kwa kuwasha taa tu, lakini barua yako nimeirudia, na jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita bila salamu.

Unasema breka huamshwa kwanza ndipo ipimwe. Nikuulize, hitilafu nayo huja ikapiga hodi? Au humsubiri mzee wako amnyooshe Bi Mkubwa viungo? Breka hiyo husimama miezi bila kuguswa, halafu siku moja inatakiwa ikurupuke na kukata papo hapo. Mlango wa stoo yangu ukikaa siku nyingi hugoma mara ya kwanza, ukishausukuma mara mbili tatu unakwenda laini, na hakuna anayesema bawaba ni mpya. Ninyi mnapima msukumo wa mwisho, ilhali mtu atauawa na ule wa kwanza. Kwa hiyo vipimo vyote mlivyonavyo, hata vile vinavyokusuta, havisemi kitu.

Simwiti baba mkwe wako mwongo. Anapenda kazi yake, na anafanya anachofanya mama anayemwosha mtoto uso kabla ya kumleta mbele ya wageni. Lakini wewe nakulaumu. Mkuu mzima wa kitengo, usalama wako ni kumtuma shemeji dukani? Na mafundi wengine wa zamu, mbona hao huwatumi? Au wao si watoto wa watu?

Sikiliza sasa. Kuanzia leo mtu asisimame mbele ya makabati hayo yakiwa na umeme, na kama hamwezi kuyakata mkiwa nje ya chumba, ombeni kituo cha juu kizime kwanza. Kisha pima kila breka ilivyolala, mkato wake wa kwanza kabisa, bila mkono wa mtu kuigusa kabla. Itakayokata kwa wakati na mwili wake ukawa mzima, karabati, ila uwe na uhakika wa vifaa. Itakayochelewa, ng'oa, kwa sababu spea mpya hazitengenezwi na grisi haijawahi kuwa spea. Bi Mkubwa usihangaike kumpima. Alipimwa siku kebo ilipoungua, akiwa hajaamshwa na mtu, na alishindwa.

Mkeo mwache kwanza. Kununa kwake kunatokana na baba yake, basi anza na baba mwenyewe, na umwambie faraghani, usije ukamvua nguo mbele ya vijana aliowafundisha. Mwambie kazi yake imewatunza watu wote hawa, na ni kweli. Halafu muulize swali moja tu: "Baba, Bi Mkubwa akiwa hajaamshwa, ungemweka mwanao mbele yake?"

Usimlazimishe kujibu. Msogezee kiti, kaa naye kidogo, ndipo uende ukamwambie meneja aagize mpya ya kumrithi Bi Mkubwa.