Nilimwambia Babu Dripu ni ya Vitamini

Mpendwa Shangazi Ines,

Naomba msaada wako, na tafadhali jina langu usiliweke gazetini, mji wetu huu wa miwa ni mdogo na kila mtu anamjua Babu, niite tu Mjukuu. Shuleni nasema Kiingereza, nyumbani Kitaliano, kwa hiyo mimi ndiye mdomo wa Babu kila anapokwenda kwa daktari, ingawa hata darasani kunyoosha mkono naogopa.

Babu amekata miwa kifua wazi tangu ashuke melini akitokea Kalabria. Wazee wote huku Queensland, Australia, wana madoa ya jua, daktari anayachoma kwa ile dawa ya baridi kali inayogandisha na wao wanakwenda kama wanaokwenda kwa kinyozi, kwa hiyo doa jeusi la mgongoni lilipotanuka na kuanza kuacha damu kwenye fulana, Babu alisema ni mkanda tu umelikwaruza. Lilipokatwa alikwenda kilabuni kuwaonyesha wenzake nyuzi, mzee Duilio akapiga kelele, "Saverio, wamekukata steki!" na Babu akamjibu, "Ndiyo, mfupa nimekuwekea wewe." Wakacheka mpaka wakakohoa, nasi tukajua yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, Shangazi. Majibu yalisema ni melanoma, ile kansa ya ngozi, nene, imeshaingia kwenye matezi ya kwapani, na picha zikaonyesha iko na mapafuni. Siku ya kwenda hospitali kubwa Baba alinishika mkono pale kwenye maegesho, Babu akiwa ametangulia mbele, akaniambia, "Lile neno usilitamke." Wewe unajua kwetu kansa haitajwi, tunasema "ule ubaya" na hata huo tunausema kwa sauti ya chini.

"Sasa nitasema nini, Baba?"

"Si wewe ndiye msomi? Tafuta."

Simlaumu sana, Bibi alipoambiwa waziwazi alilala akatazama ukuta na hakula tena, na Baba anaamini neno ndilo lililomuua.

Daktari alituuliza kama tunataka mkalimani wa hospitali, Baba akasema tunaye, akaninyooshea kidole mimi. Daktari akasema imefika mapafuni, mimi nikasema ni makovu ya zamani ya moshi wa kuchoma miwa. Daktari akasema kuna dawa ya dripu inayoamsha kinga ya mwili ipigane, haiwafai wote lakini wengine imewapa miaka, na inaweza kuvuruga tumbo au ini kwa hiyo watamchunguza kila mara, na mimi midomo ilikuwa inatetemeka nikasema wanataka kumtundikia vitamini.

Babu akacheka. "Vitamini? Mwambie nina nyanya bustanini zinaishinda dripu yake."

Daktari akauliza, "Amesema nini?"

Nikasema, "Amesema hataki."

Na kweli alikuwa hataki! Daktari akamtazama Babu kwa huzuni, akasema ni haki yake, akaandika. Sasa Babu anakohoa, suruali zake anazifunga kwa kamba, na ananiita daktari wake mdogo. Baba anasema tumwache afe kwa amani. Nikisema, nitamuua kama Bibi, nisiposema je? Nifanye nini?

Mjukuu

*

Mjukuu wangu,

Barua yako sikuiacha ingoje zamu ya gazeti. Nakutumia jibu hili moja kwa moja, na gazetini litachapwa baadaye bila jina la mtu.

Kwanza, pole. Mzigo uliobebeshwa pale kwenye maegesho ni wa watu wazima, na Baba yako, siku atakapoiona gazetini, asome hapa vizuri: Renzo au Pino au yeyote uitwaye, mtoto hatumwi kumficha baba yako habari za mwili wake mwenyewe. Ungekuwa wewe umefanyiwa hivyo ungevunja meza.

Na wewe nawe, usinifanyie "midomo ilitetemeka." Midomo ikitetemeka mtu hunyamaza. Wewe ulisema.

Nimemuuliza daktari wa ngozi ninayemwamini. Ugonjwa huu ukikutwa juujuu kwenye ngozi, kuukata pamoja na ngozi safi ya pembeni mara nyingi kunatosha, ndiyo maana mlidhani yamekwisha. Ukizama chini huingia kwenye matezi, kisha mapafu, ini, hata ubongo. Wa Babu umeshasafiri, na kisu peke yake hakitaufikia. Iliyobaki ni hiyo dripu, au vidonge kama uvimbe wake ukipimwa ukakutwa na badiliko fulani linaloviruhusu. Zamani mgonjwa wa namna hii alihesabiwa miezi. Leo wengine wanaishi miaka, na wengine dawa haiwagusi kabisa. Sikuahidi kitu. Lakini kila wiki anayokohoa bila dawa, ugonjwa unapata nafasi na yeye anapoteza nguvu za kuihimili.

Bibi yako hakuuawa na neno. Aliuawa na ugonjwa, na, kama nawajua watu wetu, aliutazama ukuta kwa sababu mlimwambia kisha wote mkatoka chumbani. Babu akiambiwa, kaeni.

Huenda akasema hataki. Mzee ana haki hiyo, lakini atakuwa amekataa dawa. Mpaka leo amekataa vitamini tu.

Basi fanya hivi. Usianze kwa kumwambia Baba yako, atakuzuia. Piga simu hospitali, sema jina la Babu, sema: "Mimi ndiye niliyetafsiri na sikutafsiri kweli. Hajui anaumwa nini. Tunaomba miadi ya haraka na mkalimani wenu." Mkalimani huyo halipiwi, na kazi yake ni kusema kila neno. Ukiona haya, mpe mwalimu wako simu, wewe ukae pembeni yake. Kisha mwambie Babu kwa Kitaliano chake, mkiwa wawili: "Daktari alisema zaidi ya nilivyokwambia, na tunarudi kwake akuambie mwenyewe." Akikubana akuulize jina la ugonjwa, mpe. Atakasirika, mwache akasirike, usikimbie.

Siku ya miadi, kiti chako ni kile cha mjukuu. Baba yako akae upande wa pili, na siku hiyohiyo avue shati lake naye daktari amtazame mgongo.

Simu za miadi zinafungwa saa kumi jioni. Weka karatasi hii chini upige.

Shangazi Ines