Geti la Nyumba ya Dada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na yale magoti yamekupunguzia udhia. Mimi ni mzima, ila macho yanawasha, kama kawaida yetu sisi wachomeleaji.

Nyumba ya dada imependeza, na cheo chake kipya hospitalini kilistahili sherehe ile. Uliponipigia kunihimiza nimpongeze, nilikuwa nimeshampigia, tukacheka hadi simu ikaisha chaji. Nampenda dada yangu. Kwake sina kinyongo hata chembe.

Geti lake nililitengeneza mwenyewe, siku zangu za mapumziko, yale maua ya chuma nikiyakunja moja moja. Ndiyo ilikuwa zawadi yangu. Siku ya sherehe wageni walisimama pale wakiligusagusa, na mama mkwe wa dada akakuuliza fundi wake ni nani. Nilikuwa nyuma yako na trei ya soda. Nikaanza kutabasamu mapema. Wewe ukamjibu, "Fundi mmoja tu, tulimpata hukohuko mjini." Ukageuka, ukaniona, ukaniambia soda za meza ya mbele zimepungua.

Nilizipeleka, mama. Dada alipokata keki nilipiga vigelegele kuliko wote. Lakini tangu siku ile jibu lako halijanitoka. Najua binti mwenye makovu ya moto mikononi si wa kuonyeshwa wakwe.

Sasa nikwambie nililokuja nalo. Asubuhi ya siku ya sherehe tajiri wetu aliniita ofisini, akaniambia kuwa mimi ndiye msimamizi mpya wa karakana, juu ya wanaume wote wale. Nilikuja mbiombio ili wewe uwe wa kwanza kusikia, nikarudi nalo moyoni. Aliyenipongeza ni mlinzi wa kazini. Alinishika kwa mikono yake miwili, akasema, "Hongera, mwanangu." Nikamlilia kama mtoto mdogo, mzee wa watu asijue kosa lake ni lipi.

Usinijibu kwa pongezi, zitakuwa za kuombwa. Na barua hii usimsomee dada. Furaha yake ni halali yake, sitaki iingie doa.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na dawa ya magoti usiiache.

Ni mimi,
binti yako mdogo