Pikipiki Inayopita Kama Mwizi

Kikima, Jumapili, Novemba 1993. Rasharasha tangu asubuhi, ukungu umekalia kilima na hautaki kutoka.

Nimemkosea Muia. Wacha niandike hiyo kwanza, kabla sijaanza kujitetea, maana najijua.

Muia ni shemeji yangu, ndugu mdogo wa mke wangu Ndunge. Ndiye mtu wa sindano wa ushirika wetu wa maziwa. Ng'ombe wa mtu akiwa kwenye joto, mwenyewe anamleta kando ya barabara, pale kwenye krashi, zile nguzo za kumbana ng'ombe asirushe mateke. Muia anafika na pikipiki na mtungi wake wa mbegu za fahali, anafanya kazi yake, anaenda krashi ya mbele. Watu wanamtania, wanamwita Baba Ndama. Naye anajibu kwamba hao watoto wote anawajua kwa majina.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati.

Pikipiki aliyokuwa nayo ni ya kijani, ya miaka ya sabini, ile ya kuchanganya petroli na oili. Moshi wake ni kama wa kuni mbichi. Haina stata, ni ya kupiga kiki. Mwezi wa nane tukanunua mpya, nyekundu. Inawaka kwa kidole na haina kelele. Mimi ndiye nilisukuma hiyo maneno kwa kamati, na ukweli ni kwamba sikuwa nafikiria ng'ombe. Wageni walikuwa wametutembelea, Muia akapita na ule moshi wake, mgeni mmoja akaziba pua. Niliona aibu. Basi.

Muia hakuitaka.

"Shemeji, niachie mzee wangu," aliniambia mbele ya kamati. "Huyu akikasirika nampiga teke, anaamka. Hii yako betri ikilala nitafanya nini, niiimbie?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Akaongeza kwamba watu wameizoea ile ya zamani, nikaona hayo ni maneno ya mtu anayeogopa vitu vipya. Nikaenda na hiyo ya kijani kwangu, nikaifungia stoo.

Haukupita mwezi, malalamiko yakaanza. Muia hakupita. Tulingoja, hakupita. Ng'ombe akikosa siku yake unangoja wiki tatu nzima, na hapa kwetu hakuna mtu anapenda kungoja. Nikimuuliza Muia, jibu ni moja: "Nilipita. Nilisimama, nikapiga honi, hakuna mtu alikuja."

Mimi nikachagua nani wa kuamini.

Kwenye mkutano wa wanachama, wiki mbili zimepita, mzee mmoja alisimama akauliza kama labda hiyo pikipiki mpya ndiyo ina shida. Watu wote wakaniangalia. Ningesema sijui. Ni neno dogo tu. Badala yake nikasema, "Pikipiki iko sawa. Mwenye shida ni anayeipanda. Muulizeni anashinda kwa nani akinywa."

Muia hanywi. Anaongoza kwaya kanisani kwetu.

Nilijua hanywi.

Muia aliweka ufunguo wa ile nyekundu kwa meza polepole, kama mtu anayeweka yai, akasema, "Sawa, mwenyekiti." Hakusema shemeji. Tangu siku hiyo hajaimba. Leo pia kwaya iliimba bila yeye, na walianza wimbo juu sana, hakuna mtu aliweza kufika. Ndunge ananiwekea chakula na kuniambia maneno mawili. Chakula. Maji.

Alhamisi ndiyo nilipata dawa yangu. Ushirika jirani walituazima mtu wao wa sindano, na kwa sababu hajui njia zetu, nikambeba mimi mwenyewe na ile nyekundu. Krashi ya kwanza, hakuna mtu. Nikapiga honi, tukangoja, tukaondoka. Ya pili, hivyo hivyo. Yule mgeni akaniuliza kama kweli huku kwetu kuna ng'ombe.

Tukirudi, tukamkuta Mwaitu Kalondu kwenye ile krashi ya kwanza. Ni mama mzee, rafiki ya marehemu mama yangu, ndiyo maana mimi pia namwita mwaitu, mama. Alikuwa amevuta ng'ombe wake kutoka chini bondeni, jasho linamtoka, na hasira pia.

"Hata wewe, Mwenyekiti, mnapita bila kusimama?"

"Mwaitu, tulisimama. Tulipiga honi."

"Honi! Kila gari inayoenda sokoni inapiga honi, mimi nitajuaje ni yenu? Muia ndiye namsikia. Akiwa ng'ambo ile, kwa mlima, injini inakohoa mara mbili, mimi nafungua ng'ombe. Nikifika hapa na yeye anafika. Sasa hii yako inapita kama mwizi. Nikija kujua, imeenda."

"Lakini Muia alikuwa na hii tangu mwezi wa nane."

"Kwani nani alituambia?" Akampiga ng'ombe kofi la mgongo. "Eti mlimfukuza, eti ni mlevi. Kama kuna mlevi hapo ni ile pikipiki yake, na tuliipenda na moshi wake."

Yule mgeni aligeuka akaangalia miti.

Nimefikiria hiyo maneno siku tatu. Ng'ombe wetu wako chini kwenye matuta, kwa nyasi. Kumpandisha hadi barabarani ni kazi, ukichelewa kumfungua umechelewa kabisa. Muia alikuwa anapita, anasimama, anaondoka. Watu walikuwa wanafika nyuma yake na kukuta barabara tupu. Yeye alisema ukweli, na wao pia walisema ukweli.

Aliyesema uongo ni mmoja.

Sokoni wenye pikipiki hubishana kila siku, za zamani na za sasa. Yule wa kubeba mbao anasema ya zamani anaitengeneza na waya na koleo, hata akiwa porini. Fundi mwenyewe anasema ya zamani ikitaka kufa inakuaga kwanza. Nilikuwa nawasikiliza nikidhani ni umaskini unaongea. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kupenda pikipiki kwa sababu mama fulani huko bondeni anaisikia. Muia alijaribu kuniambia. Watu wameizoea. Alikosa maneno mengine, na mimi nilikosa masikio.

Leo baada ya kanisa nimefungua stoo. Buibui amejenga kwa usukani. Nimejaza upepo, nimechanganya mafuta, nimepiga kiki hadi goti likalia. Hakuna. Nimepiga tena. Ikakohoa, ikatema moshi, ikashika.

Ndunge alitoka jikoni akikimbia, unga kwa mikono, akidhani ni ndugu yake. Akaniona mimi. Akasimama.

"Unaipiga kama mtu anaua nyoka," akasema. Na akacheka. Kidogo tu, lakini nimeisikia.

Hapo ndipo sauti ya mama mmoja ikatoka huko chini, ndani ya ukungu, simuoni ni nani: "Muia-a! Ngoja, nakuja na ng'ombe!"

Nilizima injini. Ndunge ndiye alijibu, akapaza sauti hadi bondeni: "Bado! Lakini anakuja!"

Sijui kama anakuja. Hilo si langu kuamua. Langu ni hili. Jumamosi kuna mkutano, na nitasimama pale pale niliposimama, niseme kwa sauti ile ile kwamba Muia hanywi, kwamba alikuwa anapita, na kwamba mimi nilidanganya nikijua. Wakinitoa kwa kiti, wanitoe.

Lakini Jumamosi ni mbali, na yeye ndiye anafaa kusikia kwanza. Jumatano asubuhi nitampelekea pikipiki yake. Nitaipanda mwenyewe, sitatuma mtu. Nikifika kwa ule mlima wa kwao itakohoa mara mbili, na Muia atajua ni mimi, kwa sababu ufunguo wa stoo ninao mimi peke yangu. Atakuwa na muda wa kutosha, kabla sijafika, kuamua kama atanifungulia.