Kwa Bi Mwanasiti wa Kigombe, Aliyetuachia Kamba Isiyofika Majini

Bibi yetu mpendwa, mwaka umetimia tangu ulipolala ubavu wa kulia baada ya sala ya adhuhuri, ukasema unapumzika kidogo, na hukuamka tena. Sisi tuliobaki hatujapumzika tangu siku hiyo.

Ulituachia kuku kumi na wanne, mbuzi wawili wasio na adabu, minazi, mihogo ya nyuma ya nyumba, kinu, na kisima. Maelezo hukutuachia. Ulipokuwepo tulikuta mafuta ya nazi yamo chupani, unga umo mtungini, mayai yamo kikapuni, vyote vimetulia kana kwamba vimejileta. Sasa tunajua kwamba havijileti.

Mama yangu Saleha, binti yako, amechukua kazi ya mafuta. Anakuna nazi, anakamua tui, analichemsha kutwa nzima, na likikaribia kuwa mafuta linaungua. Babu Shekhe amechukua kuku, au kuku wamemchukua yeye. Ikifika magharibi hatuna hakika nani anamfungia nani. Yaliyobaki yote yananingoja mimi Mastura, nirudipo likizo kutoka shule ya bweni. Mimi ndiye uliyeniita mke mwenzio, kwa kuwa Babu alikuwa akinitania kwamba ni mkewe mdogo. Mke mwenzangu, ungenionya.

Babu ameniagiza niandike maneno haya kwa ajili ya gazeti, naye ameketi hapa ananisimamia. "Andika kwa heshima," amesema. "Watu watasoma." Yeye husoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo kwa hizi za shule ananitegemea mimi. Nimemwahidi heshima, nayo itakuwemo.

Tunakumbuka ulivyolichukulia duka la Sadalla kuwa ni mahali pa kwenda kusalimia. Kila asubuhi ulipita, ukauliza hali ya wake zake, ukatazama rafu kama mtu anayetembelea wagonjwa, ukarudi nyumbani mikono mitupu. Kiberiti ulinunua, na majani ya chai, na kitambaa cha Idi. Basi. Siku ya maziko Sadalla alilia kuliko majirani wote.

"Nimempoteza mteja," alimwambia Babu.

"Hakununua kwako kitu."

"Najua. Lakini alikuwa haachi kuja."

Tunakumbuka vilevile nilivyorudi mwaka ule na cheti changu cha Maarifa ya Nyumbani, chenye muhuri. Ulikigeuza mbele na nyuma. Ukaniuliza tumefundishwa nini. Nikasema tumefundishwa kuchemsha yai, dakika nne kwa saa.

"Na asiye na saa?"

"Hapo hatujafika, Bibi."

Ulikitundika ukutani, juu ya kiota cha kuku, ili naye asome.

Nami kwa kulipiza nikachukua yai lililochemshwa dakika nne kamili, nikalitia chini ya yule kuku mweusi aliyekuwa akilalia. Siku ishirini na moja hukusema neno. Vifaranga vilipotoka, uliniletea lile yai moja kwenye sahani ya wageni, ukaliweka mapajani mwangu. "Huyu wako kachelewa, mke mwenzangu. Mlalie mwenyewe." Nililikalia hadi alasiri, mbele ya majirani, na harufu yake nilifika nayo shuleni. Babu aliniambia hadithi hii nisiiandike.

Lakini tunalotaka kukupa habari zake leo ni ile kamba.

Wasomaji wasiotoka kwetu watastaajabu, kwa kuwa Tanga nzima imepandwa katani, na kamba ya katani haikosekani duka lolote. Wewe ulisema katani ni ya kufungia mbuzi; ikilala majini inaoza. Kamba ya kisima ilikuwa ni ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, uliyoisokota mwenyewe juu ya paja lako. Wiki tatu kabla ya kufa kwako ulichukua makumbi mia tatu, ukayafukia kwenye tope la pwani, ukayakandamiza kwa mawe, ukachomeka mti wenye kitambaa cha buluu. "Yakae hadi yanuke vizuri," ulisema. Kisha ukaenda kufukiwa wewe.

Siku ya arobaini yako Mjomba Haji, mwanao, alikuja kutoka Nguvumali, Tanga mjini, anakokaa. Alimkuta dada yake Saleha amelala juu ya mkeka mchana, na kisu cha muhogo kimo mkononi. Hakumwamsha. Alimwendea Babu.

"Baba, hapa mtakufa kwa kazi. Kwangu kuna vyumba viwili, na bomba liko mtaani. Unafungua, unakinga, unafunga."

"Na akilifunga mwingine kabla yangu?"

"Baba."

"Nauliza tu."

Walizungumza hadi alasiri. Babu hakutaka kuhama, kwa kuwa kaburi lako liko hatua sitini kutoka kisimani na amezihesabu. Mjomba naye hakutaka kumlazimisha baba yake. Wakakubaliana hivi: kamba ile itakapokatika, hapana kununua nyingine. Tutafunga mizigo, nyumba ikae mtu mwingine, sote twende Nguvumali. Babu alikubali haraka, kwani kamba ilionekana nzima, na yale makumbi aliyahesabu kuwa ni kamba nyingine iliyokwisha kulipwa jasho.

Mimi, Bibi, nilikuwa upande wa Mjomba. Nakuambia kwa kuwa uongo hukuupenda hata wa mzaha. Likizo ya Desemba niliitazama kamba ile kila asubuhi kama mtu anayemuuguza tajiri. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka, mgongo wangu ulikuwa wa ajuza, na usingizini nilikuwa nakuna nazi. Nilitaka bomba. Mama naye alilitaka, ila hakuthubutu kusema. Akitajiwa Nguvumali alikuwa anatazama mikono yake.

Ilikatika mwezi huu wa Juni, siku ya pili ya likizo yangu, ndoo ikiwa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Nilisikia tap, kisha maji, kisha kimya. Mkononi nilibaki na kipande cha juu tu, pima mbili, kile kinachofungwa kwenye kigingi, ambacho hakijapata kulowa. Nilifurahi. Nikageuka kumwita Mama, nikamkuta ameshatoka jikoni amesimama nyuma yangu.

"Imekatika?"

"Imekatika."

Alikaa chini palepale, kwenye tope la kisimani, na nguo yake safi. "Basi," alisema. "Al-hamdulillahi. Nimechoka, Mastura. Nimechoka hata meno."

Sadalla alisikia, akaja na kamba mpya ya katani begani. "Siuzi," alisema kutoka mbali, kabla hajafika. "Ni zawadi. Mapatano yenu ni ya kununua." Babu alimshukuru sana, akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kufungia mbuzi. Mbuzi ameshaila.

Tukapeleka habari Nguvumali. Mjomba akajibu kwamba Ijumaa, siku ya hitima yako, atakuja na lori. Tukaanza kufunga vitu. Tuliazima ndoo ya maji kwa jirani, asubuhi na jioni, na aliyekwenda kuazima alikwenda kwa zamu, kwa kuwa hakuna aliyependa kuonekana. Siku ya pili Mama alikaa juu ya furushi, akasema, "Kesho maji yakipwa tukayafukue makumbi ya mama."

"Ya nini? Si tunahama?"

"Siwezi kuondoka kazi yake imefukiwa. Hata tukayagawe kwa majirani, potelea mbali."

Tulikwenda watatu. Mti wenye kitambaa cha buluu tuliukuta. Mawe hatukuyaona. Tulichimba kwa jembe, kisha kwa mikono, na pale yalipofukiwa makumbi mia tatu tulitoa mia na kumi. Mama alitazama shimo. Mimi nilimtazama Babu, kwa kuwa alikuwa akitazama baharini kwa bidii sana.

"Niliyafukua mimi," alisema mwishowe. "Mwezi wa nne."

"Kwa nini, baba?"

"Nilitaka kuona kama bado yapo."

"Yangekwenda wapi?"

Alisema kwamba siku hiyo hakupata kitu kingine chako cha kwenda kutazama. Aliyakuta yapo, yakawa bado magumu, akayarudishia tope. Lakini maji yalikuwa yanajaa na mgongo ulimkataa, na mawe hakuweza kuyarudisha. Bamvua, yale maji makubwa ya pwani, likaja likachukua fungu lake. Tangu hapo aliona haya kusema. Mama hakumgombeza. Alipakia makumbi kichwani, maji meusi yakamtiririka shingoni hadi mgongoni, akatangulia.

Yalinuka vizuri, Bibi, kama ulivyotaka.

Siku tatu tulipiga makumbi kwa magongo, tukayasuuza, tukaanika. Hakuna aliyesema tunafanya kwa ajili gani. Mafurushi yalikuwa mlangoni, nasi tulikuwa uani tunasokota. Mama alisokota juu ya paja hadi paja likawa jekundu. Alipochoka alinipa mimi, na nilipochoka alichukua Babu, ambaye kamba yake ilikuwa nene hapa na nyembamba pale, tukaifumua, akairudia.

Ijumaa Mjomba Haji alifika na lori, na dereva aliyekuwa na haraka. Aliikuta kamba mpya imelala uani. Akaipima kwa mikono yake, kifua mbele.

"Pima tano," alisema. "Kisima ni pima saba. Mama alikuwa akisema hivyo siku zote, saba."

"Saba za mikono yake," alisema Mama. "Mastura ndiye mwenye mikono yake. Apime Mastura."

Nilipima. Ikawa pima tano na nusu, na hiyo nusu niliivuta kidogo. Bado hazikuwa saba. Kamba mpya haikufika majini, na hakuna aliyeweza kuirefusha, kwa kuwa usumba wote uliobaki usingejaa hata kofia.

Babu aliondoka, akaenda kisimani. Alifungua kile kipande chako kwenye kigingi, akakifunga na kamba yetu fundo nene kama ngumi ya mtoto, akarudishia upande wa pili kwenye kigingi. Ndoo ya jirani ndiyo aliyoifunga chini.

"Tulisema ikikatika tunahama, baba," alisema Mjomba.

"Tulisema ikikatika hatununui. Umeniona nimenunua?"

Akaishusha. Tulisikiliza sote, na dereva akaacha kupiga honi. Fundo lilipita ukingoni, likashuka kidogo, na huko chini ndoo ikagusa, ikainama, ikanywa.

Mjomba alikaa juu ya furushi la sufuria. Hakuwa na hasira. Alimuuliza Mama, kwa sauti ya chini ya dada na kaka, "Wewe unatakaje, Saleha? Hapana mwingine aliyekuuliza."

Mama alitazama mikono yake. "Nataka kulala," alisema. "Kuhama nako ni kazi. Nikiamka nitakujibu." Akaingia ndani, akalala hadi wasomaji wa hitima walipobisha hodi.

Sasa lile fundo, Bibi, linakwaruza. Ndoo inapoanza kupanda ndilo la kwanza kukupitia viganjani, na huwezi kulikwepa. Mara ya kwanza lilipofika mkononi mwangu niliinamisha kichwa nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Bibi," ili nimkere Babu.

"Acha mzaha na marehemu," alisema.

Lakini alasiri ile ile alikwenda kuteka maji ya udhu, nami nilikuwa nyuma ya ua nakusanya mayai. Fundo lilipofika alisimama. "Hujambo, Mama Haji," alisema, akaendelea kuvuta.

Baada ya hitima, wageni walipokwisha kula na Sadalla amekwisha kulia tena, Mjomba alikwenda kisimani kunawa kabla ya safari. Alidhani yuko peke yake. Alivua kofia ya kazini. Akashusha ndoo, akaanza kuvuta, na nikaona mikono yake imekwama.

"Shikamoo, mama," alisema. Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Kisha akaipandisha ndoo, akaimwaga yote kwenye mche wa mpapai, akashusha tena.

Dereva alimwita kutoka barabarani. Mizigo iko wapi, jua linakwenda.

"Mizigo haijawa tayari," alisema Mjomba Haji.

Lori liliondoka na kuku mmoja, aliyepewa dereva kwa usumbufu. Nilimchagua mimi, na Babu bado anamtafuta.

Mama aliamka kesho yake, akasema atakaa mwaka mmoja, kisha ataulizwa tena. Na mafuta ya nazi, kwa idhini yako au bila idhini yako, tutayanunua kwa Sadalla. Tunakuomba radhi kwa hilo. Sadalla naye anashukuru, ingawa anasema si sawa na kusalimiwa. Makumbi mengine mia tatu tumekwisha kuyafukia, safari hii chini ya mawe makubwa. Babu amekatazwa kupita huko. Tumempa kitambaa chako cha buluu akitazame hicho.

Tumechoka, Bibi, na hatukufichi. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupumzishe zaidi ya ulivyotupumzisha sisi.

Wanaokukumbuka ni mumeo Shekhe. Mwanao Haji, ambaye siku hizi anakuja kila Ijumaa na kuteka maji asiyoyahitaji. Binti yako Saleha, ambaye hivi nikiandika amelala. Mkweo, baba yangu, aliyeko kazini Mombasa na hakubeba hata kumbi moja. Sadalla wa dukani, aliyeomba jina lake litiwe. Na mimi mke mwenzio, Mastura.

Hatuna namna ya kukusahau, Bibi. Hapa Kigombe hapana maji yanayopanda bila kwanza kupita kwako.