Hatua Zangu na Tepu Yao

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekaa darasani. Mimi! Miaka arobaini na moja nathamini nyumba za watu, leo nimekalia kiti cha plastiki nyuma ya vijana wa rika la wajukuu zangu. Sheria mpya hiyo. Bila cheti cha Bodi ya Wathamini huruhusiwi kuthamini hata banda la kuku. Benki zimeshaanza kurudisha karatasi zangu. Masaa mia na ishirini ya darasa, halafu mtihani. Na juu yake, mthamini aliyesajiliwa akague kazi zako tatu za zamani, aende mpaka kwenye nyumba zenyewe, ndipo atie sahihi. Fomu zinafungwa tarehe ishirini.

Mwalimu ni binti mwembamba wa miwani. Akaniuliza, babu, umemleta mjukuu? Nikamjibu, nimekuleta wewe, anza kufundisha. Darasa zima kicheko. Na yeye alicheka, kidogo tu, kwa pua.

Kasema kila mtu awe na daftari la mazoezi, atalikagua. Nimenunua mawili. Hili halikagui mtu.

Jumatano, 5 Machi

Somo la leo maadili. Eti mthamini asithamini mali yake wala ya ndugu yake. Nikanyoosha mkono. Sasa ndugu zangu wathaminiwe na nani, na adui? Mwalimu kasema, mzee wangu, na mtu asiyewajua, ndiyo raha yake.

Upuuzi. Nyumba ya marehemu baba niliithamini mwenyewe, mwaka juzi. Mdogo wangu alitaka abaki nayo, dada yetu apewe fungu lake aende. Asubuhi moja tu — nimepima, nimegonga kuta, nimenusa unyevu, nimetaja bei. Wote wakasema sawa. Hakuna kesi, hakuna wakili, hakuna aliyenuna. Hayo ndiyo maadili! Hiyo ndiyo naiweka kazi namba moja kwenye fomu. Wajifunze.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepeleka fomu kwa Kipara. Ndiye mthamini wangu aliyesajiliwa. Alhamdulillahi, kusajiliwa! Kugonga ukuta akajua kama ndani mna tofali au mna takataka, nilimfundisha mimi. Leo ana ofisi yenye kiyoyozi na muhuri. Kaniamkia shikamoo mwalimu wangu, mbele ya karani wake, vizuri kabisa. Lakini nilikuwa nimekaa pale benchi karibu saa nzima.

Karani akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Nikamwambia, mpaka mwalimu alipochoka.

Jumatatu, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mwalimu katutoa nje tupime korido ya chuo. Vijana wanahangaika na tepu, huyu kashika huku, yule kule, imejikunja kama nyoka. Nikawaambia wakae pembeni. Hatua yangu ni mita moja kamili, mji mzima unajua. Mafundi walikuwa wananiita Bwana Mita. Nimekwenda mwanzo mpaka mwisho, kifua mbele. Ishirini na saba, nikasema.

Tepu ikasema ishirini na nne.

Mmoja nyuma kasema, mzee ametuongezea korido. Hapo wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikasema tepu yenu imevutika, tepu za siku hizi mpira mtupu. Mwalimu hakucheka. Heri angecheka.

Jumanne, 11 Machi

Nimenunua tepu yangu, ya chuma. Nimepima sebule yetu, mke wangu kashika ncha. Halafu nimepima kwa hatua. Halafu tena. Mara nne.

Mke wangu kasema, wewe si tangu uanguke kwenye ile ngazi, goti likaharibika, unatembea kama unaogopa kumwamsha mtoto? Nikamuuliza mbona hukuniambia. Kasema, nani akuambie wewe?

Nilianguka ngazini nikikagua dari ya watu. Miaka mitatu sasa. Na hatua imepungua sentimita kumi na moja, kimyakimya, bila kuniaga.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekaa na karatasi zangu za tangu goti. Kazi kumi na tisa. Ya nyumba ya baba imo.

Baada ya darasa nilimuuliza mwalimu, kama swali tu la kujifunza, mtu akizidisha urefu kwa mita tatu kwenye kila ishirini na nne, inakuwaje. Kasema, upana nao umezidi hivyohivyo? Nikasema ndiyo. Akapiga hesabu. Eneo limezidi zaidi ya robo, mzee wangu. Akaweka kalamu chini, ananiangalia. Nikasema asante, nikaondoka na goti langu.

Zaidi ya robo. Kwenye ile nyumba mdogo wangu amelipia chumba kizima ambacho hakipo. Na ili amlipe dada yetu aliuza mashine zake mbili za kuranda mbao. Fundi wa samani mwenye karakana yake! Sasa anapiga randa kwenye karakana ya mtu mwingine, anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Mimi nilimwambia uza, mashine utanunua nyingine. Nilimwambia kwa sauti.

Kipara kanipigia simu jioni. Mzee, ile ya ndugu itoe kwenye fomu, Bodi hawaipokei. Weka nyingine yoyote ya zamani, Jumatatu nasaini.

Za zamani ninazo. Za kabla ya goti, safi, apime hata kwa uzi wa kushonea. Nikibadili karatasi moja tu, cheti ninacho. Na hakuna atakayekwenda kupima nyumba ya baba, milele.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaza fomu mpya. Sijaipeleka.

Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikamwambia chakula kimezidi chumvi. Hakikuzidi.

Jumapili, 16 Machi

Niko kwa mdogo wangu. Nimekuja na tepu. Nimemwambia ni mazoezi ya chuo. Kafurahi! Kaniita ndani, kasogeza viti mwenyewe, kamwambia shemeji, njoo umwone kaka anasoma uzeeni. Halafu kaniangalia mkononi. Kaka, leo na tepu? Zile hatua zako za dhahabu umeziweka benki?

Nikacheka. Nimeweza.

Tumeanza na sebule. Yeye kashika ncha kule ukutani, kapiga magoti, mikono yake ina unga wa mbao mpaka kwenye kucha, Jumapili nayo alikuwa kazini kwa watu. Anasema, nyoosha vizuri kaka, wasije wakakunyima cheti kwa ajili ya nyumba yangu.

Upana, mita nne na sentimita arobaini na tano. Nimeinama nimesoma mara mbili, nimevua miwani nimevaa. Kwenye ripoti niliandika tano. Ripoti hiyo kaitia kwenye fremu, iko juu ya kabati, naiona kutoka hapa.

Kaniuliza ngapi. Nimemwambia ngoja, naandika kwanza. Nimekaa kizingitini na daftari hili, lile la mwalimu limebaki nyumbani. Na yeye bado yuko chini pale, hajaachia ncha, anadhani nahesabu.

Kauliza tena. Ngapi, kaka?