Siku ya chanjo iliyoshuka mstari

Jumanne, Bariadi

Kwenye kompyuta ya ofisi ratiba ya chanjo ya ng'ombe ilinyooka: kijiji kushoto, siku kulia. Nikaituma kwa imeili. Kwenye simu ya afisa mifugo wa Ipililo mistari ilikatika, siku ya kijiji kimoja ikaangukia juu ya jina la kijiji kinachofuata. Akatangaza hivyohivyo.

Leo nimeifungua kwenye simu yangu. Imevurugika kweli. Kwa nini sikuijaribu kabla ya...

Jioni Baba kapiga simu. Kaswaga ng'ombe tangu alfajiri, hakukuta mtu wa chanjo. Ndama mmoja kafia njiani.

"Huyo aliyeandika hajawahi kuchunga," akasema.

Ng'ombe hao nimewachunga mimi mpaka darasa la saba.

"Pole, Baba," nikamjibu. Basi.